Duka la dawa za Ayurveda Kisumu: mkebe mtamu, muuzaji haulizi

Duka lenyewe liko kwenye barabara moja inayokatiza Oginga Odinga. Ukiingia unapokewa na harufu ya iliki na samli. Mzee mwenye duka ni mpole, anakuonjesha kabla hujalipa. Mimi ni mwalimu mstaafu. Ngazi za kanisani zilikuwa zimeanza kunishinda, ndiyo nikaja kutafuta nguvu.

Nilichukua chawanprashi, shilingi 850. Ni kama jemu nyeusi nzito ya amla, tunda chachu la India, iliyopikwa na samli, asali, mafuta ya ufuta na viungo tele. Katika Ayurveda, tiba ya jadi ya India, huhesabiwa kwenye rasayana, tiba ya kumfanya mtu asichakae upesi. Mzee alinieleza kwamba rasayana si dawa tu, ni pia ulaji, usingizi, hata kutokuwa na hasira, na hapo alinipata. Kijiko kimoja na maziwa ya moto, raha tupu. Lakini someni lebo: sukari ndiyo imetangulia. Bwanangu ana kisukari, kwa hiyo mkebe unakaa juu ya kabati.

Kilichonikera ni unga wa ashwagandha, mmea mwingine wa Ayurveda. Kijana wa kaunta alinisukumia tu: "Mama, hii ni nguvu za farasi, haina madhara." Hakuuliza natumia dawa gani. Nameza za presha, na mmea huu unaweza kushusha presha na sukari, hata kuvuruga tezi la shingo. Kuna walioumia ini, na Denmark iliupiga marufuku mwaka 2023. Jaribio linalotajwa sana kuhusu nguvu, la 2015, lilikuwa la wanaume 57 wa miaka 18 hadi 50, tena wakinyanyua vyuma. Nyanya wa mtaa wa Migosi kama mimi hayumo.

Mapaja yangu yameokolewa na dada wa fiziotherapia: inuka kitini mikono imekunjwa kifuani, keti polepole, rudia mpaka paja liwake moto. Wazee wa Boston wa miaka kama 90 walifanyishwa mazoezi ya uzito wiki 8, na matokeo yaliyochapishwa 1990 yalionyesha nguvu za miguu zimepanda kwa wastani wa asilimia 174! Alinipimia na chakula pia: angalau gramu 1 ya protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwangu hiyo ni omena ya soko la Kibuye, mayai na maharagwe.

Nyota 3 kati ya 5. Chawanprashi nitanunua tena, unga niliuacha kaunta. Jumamosi wanafunga saa saba mchana, na kadi hawapokei, ni M-Pesa au taslimu.