Mandara kwa siku moja: nzuri kwa ua la msituni, si kwa senesio

Baadhi ya mawakala mjini Moshi huuza matembezi ya siku moja kutoka lango la Marangu hadi Mandara, kibanda cha kwanza cha kulala wapandaji wa Kilimanjaro, kwa kubandika picha ya senesio kubwa, ile mimea ya mlimani yenye shina nene na kishungi cha majani juu. Picha hiyo inampotosha mteja. Lango la Marangu liko mita 1,879 juu ya usawa wa bahari na Mandara mita 2,720, ilhali senesio hizo (Dendrosenecio kilimanjari) zimejaa kuzunguka kibanda cha pili, Horombo, mita 3,720. Anayezitaka alipie siku tatu: alale Mandara, alale Horombo, kisha ashuke.

Lakini kwa Impatiens kilimanjari, matembezi haya ya siku moja nayapa alama zote. Ua hili jekundu lenye unjano, lenye kijimkonga kilichojikunja nyuma kama cha tembo, haliko popote duniani ila Kilimanjaro, na si lazima upande juu kulipata. Linapenda kivuli na unyevu, hivyo litafute kandokando ya vijito na kwenye kingo zenye kuvumwani, ule utando wa kijani juu ya mawe na magogo. Mwambie mwongozaji mapema kwamba umefuata maua, maana wengi wamezoea wageni wanaokimbilia kibandani, na mwendo huo utakupitisha bila kuona chochote. Mwombe pia mpite njia ya watembeaji wa miguu, si ile ya wapagazi, ambayo ni pana na haina mvuto.

Muda ndio unaoharibu safari nyingi. Kupanda huchukua saa tatu hadi nne, na ukisimama kupiga picha ni zaidi. Uwe langoni saa mbili asubuhi. Ukianza saa tano, ukungu utakukuta njiani na kasoko (shimo la volkano) ya Maundi, dakika kama kumi na tano kutoka Mandara, utaiacha. Ni hasara, kwa sababu pale msitu unaachia nafasi na mimea hubadilika ghafla. Msituni mwanga ni hafifu: egemeza simu kwenye fimbo, la sivyo picha itatikisika. Usichume kitu, ni marufuku hifadhini.

Juni, baada ya masika, msitu una maji na maua ni mengi. Ila njia huteleza, vaa buti lenye meno.

Kabla ya kulipa, taka mchanganuo: kiingilio, mwongozaji, usafiri, chakula. Langoni hawapokei taslimu. Mtanzania abebe kitambulisho cha taifa (NIDA) apate kiwango cha raia.