Vidanji ya nyumbani, garanti ikiwa bado hai: turbo yangu ilipoleta mtihani

Nianze na bei, maana najua wengi ndiyo mnayotafuta. Kwenye garaji ya walioniuzia pikapu, vidanji ya kawaida, yaani kubadilisha oili ya motere na chujio lake tu, ilikuwa inanitoka karibu dola 280. Nyumbani kwa baba, Katuba, hapa Lubumbashi, Kongo, kwa oili ya kiwango kile kile na chujio la kweli, natoa kama dola 90, pamoja na soda ya mtoto wa ndugu yangu mkubwa anayenishikia taa. Kazi yangu ni unga wa mahindi: naupakia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, naushusha kwenye depo za Kenya (komuni yetu ya hapa mjini, si nchi) na Ruashi. Faida ya mfuko mmoja mnaijua. Hesabuni wenyewe inabidi niuze mifuko mingapi ili nirudishe hiyo tofauti.

Pikapu ni ya dizeli, niliinunua mpya kabisa, garanti ya miaka 3 au kilomita 100,000, kinachotangulia kufika. Chapa siitaji, wala jina la waliouza, kwa sababu utaona mbele kwamba tulikwaruzana kidogo kisha tukapatana. Ninachopima hapa ni njia yenyewe: kumwaga oili mwenyewe wakati garanti bado inatembea.

Kila mtu hapa Lubumbashi atakuambia ukigusa tu boliti ya karteri, lile bakuli la oili chini ya motere, garanti imekufa. Muuzaji naye aliniambia hivyo, akiwa amesimama, mkono kwenye boneti. Nikamwomba anionyeshe pameandikwa wapi. Akacheka, akasema ndivyo ilivyo. Basi nikarudi nyumbani nikasoma kijitabu cha garanti chote, hata zile kurasa za mwisho zenye herufi za kuumiza macho. Kinasema matengenezo yafanyike kwa wakati, oili iwe ya kiwango kilichotajwa, na mwenye gari aweze kuonyesha uthibitisho. Mkono wa nani ushike spana, hakisemi. Cha gari lako kinaweza kusema vingine, kwa hiyo usinitegemee mimi, kifungue. Hapa kwetu maandishi hayo yana uzito: dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, ambayo imetupita umri sote na bado inatumika, inasema katika kifungu cha 33 kwamba mapatano yaliyofanywa kihalali yanakuwa sheria kwa wale waliopatana. Yananifunga mimi, yanamfunga na yeye. Maneno aliyonitupia akiegemea boneti hayamo.

Kuna ndugu wananitumia kwenye WhatsApp video za Wamarekani wanaoapa kwamba hakuna anayeweza kukunyang'anya garanti kwa sababu ya vidanji. Ni kweli, kwao. Wana sheria ya Magnuson-Moss ya mwaka 1975, inayomkataza mtengenezaji kufunga garanti kwenye vipuri vyake au garaji yake, isipokuwa akikupa hivyo bure au akiwa ameruhusiwa na serikali. Afrika Kusini nao, tangu tarehe 1 Julai 2021, mamlaka yao ya ushindani imetoa mwongozo unaomruhusu mwenye gari kwenda kwenye garaji huru wakati garanti inaendelea. Safi sana. Lakini sheria hizo hazivuki mpaka pale Kasumbalesa pamoja na mifuko yangu. Ukienda kwa shefu wa garaji hapa na video ya Mmarekani, atakuangalia tu.

Sasa oili. Kijitabu changu kinakubali 15W-40 ya kiwango cha CI-4 au zaidi, kile cha API, taasisi ya petroli ya Marekani. Namba ya kwanza ni ya baridi, na baridi yetu ya Juni na Julai, hata ile ya alfajiri inayotutoa makoti, ni mchezo kwa 15W. Herufi za CI-4 ndizo za kutazama. Kiwango hicho kilitoka mwaka 2002, dizeli nyingi duniani ikiwa bado na salfa ya kutosha. Salfa ikiungua inazaa asidi, na oili hubeba dawa ya kuituliza. Dawa ikiisha, asidi inaanza kula chuma. Pikapu yangu ni ya soko la Afrika, haina chujio la moshi kwenye ekzosi. Kama yako inalo, oili hii si yako. Tafuta ile yenye majivu machache, la sivyo utaliziba chujio hilo na hapo garanti watakunyima kwa haki.

Na kuhusu kilomita: kibandiko walichonibandikia kwenye kioo kinasema 10,000. Kijitabu chao hao hao, ukurasa wa mazingira magumu, kinasema ukiendesha kwenye vumbi, ukibeba mizigo mizito au ukiacha motere inawaka muda mrefu gari likiwa limesimama, punguza hadi 5,000. Vumbi jekundu la Katuba kuanzia Mei hadi Septemba, mzigo hadi juu, foleni ya malori ya mpakani. Mimi nina vyote vitatu. Hakuna mtu kwenye garaji aliyewahi kunitajia ukurasa huo. Kwa dola 280 kila kilomita 5,000, ningeacha unga nikauze gari.

Tatizo la kweli la kujifanyia vidanji hapa mjini ni kununua. Kufungua boliti kunafundishika kwa siku moja. Kutambua oili ya uongo ni shule nyingine. Bidoni tupu za oili nzuri zinaokotwa, zinaoshwa, zinajazwa kitu cheusi kidogo kilichochujwa, na kifuniko kinapigwa gundi. Nimewahi kubishana na kijana mmoja pale soko la Kenya, nikimdai fakitire, yaani risiti ya duka.

“Mama, hii iko orijinali, ilitokea Zambia.”

“Kama iko orijinali, niandikie fakitire.”

“Fakitire ya nini tena, Mama? Utaona kwa motere!”

Ndiyo, kwa motere ndiko wengi wameonea. Nanunua kwenye kituo cha mafuta, bidoni ambazo pete ya kifuniko haijakatika, na naangalia namba ya toleo iliyochapwa kwenye plastiki. Ikiwa imekwanguliwa, nairudisha. Inanigharimu zaidi kidogo kuliko sokoni. Nalipa.

Machujio ni hatari zaidi, kwa sababu boksi la uongo linapendeza kuliko la kweli. Baba alifanya kazi miaka mingi kama fundi kwenye karakana za SNCC, kampuni ya reli ya taifa, na ana tabia ya kukata vitu ili avione ndani. Alichukua chujio la dola 4 na la dola 15, akayapasua kwa msumeno wa chuma juu ya gazeti. La dola 15 lilikuwa na karatasi nyingi iliyokunjwa sawasawa, na ule mpira laini unaozuia oili isirudi chini ukizima gari. La dola 4 lilikuwa na mikunjo michache, mingine imeachana na gundi, na mahali pa mpira pamewekwa kitu kigumu kama ganda la kalamu. Hicho hakizuii chochote: oili yote inashuka usiku, na asubuhi motere inagonga kavu kwa sekunde kadhaa kabla ya kupata oili. Motere haitakufa leo. Itakufa garanti ikiwa imekwisha, na ndiyo sababu wauzaji wa vitu hivyo wanalala vizuri.

Kazi yenyewe ni fupi. Baba ana shimo la zege uani, kwa hiyo silali chini ya gari lililoshikwa na jeki, na wewe usilale. Motere iwe ya uvuguvugu, si ya moto wa kukuunguza. Oili ikishuka, badilisha rondela ya boliti, ile pete ya kuziba, kila mara. Nacheka kwamba tunaishi katika mji wa mukuba, yaani shaba, na rondela ya shaba ya saizi yangu inanisumbua kuipata. Kabla ya kufunga chujio jipya, hakikisha mpira wa lile la zamani haukubaki umeng'ang'ania juu, maana mipira miwili ikikutana oili yote itamwagika barabarani. Paka oili kwenye mpira mpya, zungusha kwa mkono hadi uguse, halafu robo tatu ya mzunguko, basi. Boliti ikazwe kwa nguvu iliyoandikwa kitabuni, kwa spana ya kupimia. Jino la karteri likichunwa, hiyo hailipwi na garanti ya mtu yeyote duniani. Motere yangu inameza lita 7 na nusu.

Halafu zinakuja karatasi, ambazo zinanichukua muda kuliko oili. Fakitire lazima iwe na muhuri wa duka, namba ya RCCM (rejista ya biashara), Id. Nat. (namba ya utambulisho ya taifa) na namba ya kodi, na naomba waandike namba ya shasi yangu pamoja na jina kamili la oili, si “oili bidoni 2”. Wengine wananung'unika, nasimama pale pale hadi waandike. Kisha picha: dashibodi ikionyesha kilomita, bidoni zikiwa zimefungwa, chujio jipya kando ya la zamani, boliti ikiwa mahali pake. Simu inaweka tarehe yenyewe. Mwisho naandika kwenye kijitabu cha matengenezo, pale pa kugonga muhuri wao: tarehe, kilomita, oili, sahihi yangu. Na mara moja kwa mwaka nawapelekea gari walikague lote, breki, mabomba, kompyuta, nalipia, wanagonga muhuri. Pesa hizo sizionei uchungu, maana kompyuta sina na shimo la baba halina.

Sasa turbo. Garanti ikiwa bado haijaisha, nilikuwa narudi kutoka mpakani na mzigo, gari likaanza kupiga mluzi likipanda, kisha moshi wa buluu nyuma. Turbo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya motere, inaelea juu ya oili. Hakuna kipande kinachosema vibaya zaidi kuhusu vidanji ya mtu. Nilijua nimeingia kwenye mtihani wenyewe.

Msichana wa mapokezi alifungua kijitabu, akaona sahihi zangu.

“Mama, vidanji ulifanyia wapi?”

“Kwa baba yangu.”

“Baba yako iko na garaji?”

“Iko na shimo.”

Akaenda kumwita shefu. Shefu akaja na uso wa kunipa pole, akaanza lile wimbo la garanti kufa. Nikamwambia, kwa heshima, Papa, nionyeshe mstari. Nikaweka faili mezani: fakitire kwa mpangilio wa tarehe, picha nilizochapisha, na nakala ya ule ukurasa wa mazingira magumu. Alisoma kimya, akarudia fakitire moja moja, akauliza kwa nini nimemwaga oili mara nyingi hivyo. Nikamwonyesha ukurasa wao. Nafikiri ule ukurasa ndio ulioamua, kwa sababu rekodi yangu ilikuwa kali kuliko kibandiko chao.

Hawakukubali siku ile. Walitoa oili kidogo kwenye motere, wakafungua chujio, wakatuma ripoti juu. Wiki zilipita, na mimi nilikodi kamioneti ya mtu ili wateja wasinikimbie, gharama ambayo hakuna aliyenirudishia. Jibu liliporudi lilisema hitilafu ni ya kipande chenyewe. Turbo mpya ikafungwa, sikulipa. Naamini mwenye mihuri yote angeipata haraka kuliko mimi, na hiyo ndiyo alama ninayoipunguzia njia hii. Kama gari lako likisimama wiki tatu biashara inafunga, weka hesabu hiyo kabla hujafurahia dola zangu 190.

Jambo la oili chafu nilipitie haraka: lita 7 na nusu usizimwage uani. Nyumba nyingi sasa zinakunywa maji ya foraji, yaani visima virefu vya kutobolewa, na oili ikishuka ardhini hairudi. Mimi nairudisha kwenye bidoni zile zile, kwanza nikitoboa kifuniko na kuchana lebo ili asizipate yule kijana wa sokoni, na fundi wa mbao jirani anazichukua kupakia nguzo dhidi ya mchwa. Vaa glavu, hiyo oili si nzuri kwa ngozi.

Nani namshauri? Mwenye pikapu au basi ndogo inayofanya kilomita nyingi, mwenye mahali pa kusimamia gari salama na mwenye subira ya kutunza karatasi. Asiyetunza karatasi aende kwao alipe dola 280, itamtoka rahisi. Vidanji ya kwanza kabisa, ile ambayo mara nyingi hawakutozi pesa ya kazi, kafanyie kwao vilevile, ukiiacha unawazawadia. Na ukijua duka hapa mjini linalouza rondela za shaba za milimita 12 kwa pakiti, na linaandika fakitire bila kununa, niandikie.