Mashine pepe ya "washa urushe": elfu arobaini yangu imekwenda hivi

Nina hasira, mtanisamehe. Kuna jamaa anauza mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza inayokaa ndani ya kompyuta yako, ya kurushia droni za kuigiza. Ubuntu, mfumo endeshi wake, imeshapangwa, ArduPilot, programu ya urubani wa droni, imo ndani, kazi yako ni kuifungua kwenye VirtualBox, programu ya kuendeshea mashine pepe, na kurusha. Bei elfu arobaini. Nikalipa, maana kukesha napambana na makosa ya terminali sina ubavu huo, na kurusha droni halisi hapa Tanzania bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga ni kujitafutia kesi.

Kufunguka ilifunguka, hapo simlaumu. Nikaandika sim_vehicle.py, amri ya kuwasha simuleta ya droni, ramani ikaja, droni imetulia zake Canberra, Australia, maana ndiko inakoanzia usipoichagulia pengine. Haya, hamia Windows ya kompyuta yenyewe, fungua Mission Planner, programu ya kuongozea droni, uione. Wapi! Kiboksi cha kusubiri kinazunguka tu, chai imepoa, kinazunguka.

Nikamwandikia WhatsApp: "Kaka, Windows haiioni droni." Tiki mbili za bluu, kimya. Jibu likaja kesho yake, kama si keshokutwa: "Bosi wenzako wote wanarusha. Kompyuta yako ya kizamani, tafuta mashine ya maana."

Mashine ya maana! Droni inapaa mbele ya macho yangu ndani ya Ubuntu, haikwami hata kidogo, halafu uzamani wa kompyuta yangu unaingiaje hapo? Wala hakuuliza mtandao wa VirtualBox nimeuwekaje. Swali moja tu lingetosha.

Maana tatizo lilikuwa hilohilo. Simuleta ilikuwa inapeleka taarifa zake 127.0.0.1, mlango wa mtandao (port) 14550, kama mtu anayejipigia simu namba yake mwenyewe. Ndani ya mashine pepe anwani hiyo ni ya mashine pepe yenyewe, kwa hiyo Windows haipati hata neno. Mtandao ukiwa wa NAT, yaani mashine pepe inatoka nje kupitia kompyuta mwenyeji, VirtualBox huitambulisha kompyuta mwenyeji kwa 10.0.2.2. Basi kwenye MAVProxy, programu inayosambaza taarifa za droni, unaandika:

output add 10.0.2.2:14550

Mstari mmoja! Nimeuokota kwenye maelezo ya bure, si kwake.

Nikabonyeza, droni ikachomoza kwenye Mission Planner. Mode guided, ifuate amri zangu. Arm throttle, mota ziwake. Takeoff 20, ipae mita ishirini. Namba ya kimo ikaanza kupanda, nikapiga ukelele mpaka jirani akagonga ukuta. Ile programu ya urubani ndiyo hiyohiyo inayowekwa kwenye droni ya kweli. Cha kuigiza ni mwili wa droni, upepo, GPS na vihisio vingine. Ukiangusha, unawasha upya, hakuna panga lililovunjika.

Kwa furaha ile nikasema basi, nyota nne, kazi yake si mbaya, ameniokolea bando na usiku kadhaa. Nikamtumia na ule mstari, awasaidie wengine. Asante sikuiona.

Juzi hapa naingia kwenye grupu lake la wateja, nakuta tangazo: "Toleo jipya! Tatizo la kuunganisha Windows limekwisha." Nikashusha macho. Mstari wangu huo hapo, na nukta zake. Bei mpya elfu hamsini, na sisi wa zamani tunaongeza elfu kumi.

Nyota moja. Na hiyo nampa kwa sababu fomu haikubali sifuri.