Santuri ya Chris Barber, "New Orleans Joys": uzoefu wangu baada ya miezi mitatu ya kuisikiliza

Nilinunua santuri hii ya inchi 10 ya Chris Barber, mpiga tromboni wa Kiingereza, na bendi yake ya jazz, iliyotolewa na kampuni ya Decca, kwa pauni 18 katika duka la vitu vilivyotumika hapa Bristol, Uingereza, na tangu hapo imekuwa ikizunguka kwenye gramafoni yangu karibu kila Jumapili jioni. Naandika kwa ajili ya msomaji wa Kiswahili anayejiuliza kama muziki wa vijana wa Kiingereza, uliorekodiwa tarehe 13 Julai 1954, unastahili fedha zake na muda wake. Kwangu mimi unastahili, na ili sababu zangu zieleweke inanibidi nianzie mbali kidogo.

Nililelewa Morogoro, ambako neno jazz lilikuwa na maana moja tu: Morogoro Jazz Band na gitaa la Mbaraka Mwinshehe. Bendi nyingi za nchini zilibeba neno hilo, kama vile Dar es Salaam Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz na Nuta Jazz, na sikumbuki mtu yeyote wa mtaani kwetu aliyeuliza lilikotoka. Nilifika Bristol mwaka 1979, mwaka uleule ambao Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari nchini Kenya, nikapanga chumba kwa mzee mmoja aliyestaafu kazi ya kiwanda cha sigara. Jumapili ya kwanza alinikaribisha sebuleni na kuniuliza kama kwetu tunapiga jazz. Nilimjibu kwa fahari kwamba tunapiga sana. Akafurahi, akaweka santuri hii hii, na kilichotoka sikukitambua hata kidogo: hakukuwa na gitaa la umeme, bali vyombo vitatu vya kupuliza vikisema kwa wakati mmoja juu ya mdundo wa banjo.

Mzee alinifundisha kusikiliza kwa kunitaka nifuate chombo kimoja tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho, kisha turudie wimbo uleule nifuate kingine. Tarumbeta la Pat Halcox ndilo linalobeba wimbo wenyewe, bila haraka na bila madoido mengi. Klarineti ya Monty Sunshine hupanda juu yake na kuusukia nakshi. Tromboni ya Chris Barber hukaa chini, ikiburura sauti nzito na kuziba kila pengo ambalo wale wawili wameliacha. Nyuma yao wamo Lonnie Donegan kwenye banjo, Jim Bray kwenye besi na Ron Bowden kwenye ngoma, na piano haimo kabisa. Baada ya wiki chache niligundua kwamba masikio yangu hayakuwa mageni kama nilivyodhani, kwa sababu mtu aliyekulia kwenye muziki wa dansi amezoea kusikia gitaa la solo, gitaa la ridhimu na besi, kila moja likisema la kwake pasipo kukanyaga la mwenzake.

Lililonifanya niipende zaidi santuri hii ni kujua namna wapigaji wake walivyoupata muziki huo. Tangu mwaka 1935 hadi mwaka 1956, mgogoro uliohusu vyama vya wanamuziki vya Uingereza na Marekani ulizifungia njia karibu bendi zote za Kimarekani zilizotaka kupiga Uingereza, kwa hiyo kijana wa London aliyeupenda muziki wa New Orleans, yaani jazz ya kale ya mji huo wa Marekani, hakuwa na mwalimu wa kumtazama vidole; mwalimu wake alikuwa santuri. Ndivyo walivyojifunza akina George Webb, waliokuwa wakipiga kwenye baa ya Red Barn huko Barnehurst, Kent, katika miaka ya vita, na ndivyo alivyojifunza Humphrey Lyttelton, afisa wa zamani wa jeshi, aliyepitia bendi ya Webb kabla ya kuunda yake mwaka 1948. Mpiga tarumbeta Ken Colyer hakuridhika na santuri peke yake. Alifanya kazi kwenye meli za biashara, akaiacha meli yake Mobile, Alabama, akafika New Orleans mwaka 1952 na kupiga pamoja na wazee wa mji huo, hadi alipofungwa kwa sababu ya kukaa nchini humo kupita muda aliopewa. Aliporudi mwaka 1953 alikuta bendi ikimsubiri, yenye Barber, Sunshine na Donegan ndani yake. Mwaka uliofuata wakaachana, Colyer akitaka mtindo wa New Orleans ushikwe kwa ukali zaidi, na bendi ikabaki mikononi mwa Barber.

Santuri hii ilirekodiwa wiki chache tu baada ya hapo, na mimi huisikia furaha ya watu waliokwisha kuamua njia yao.

Wimbo ninaourudia kuliko zote ni "Chimes Blues". King Oliver, mpiga koneti (aina ya tarumbeta fupi) wa New Orleans, aliurekodi mwaka 1923, na humo ndimo Louis Armstrong alimosikika kwa mara ya kwanza kwenye santuri akipiga koneti peke yake mbele ya bendi. Vijana wa Barber hawashindani na Armstrong. Wanaupiga kwa upole na heshima, kama mtu anayesoma barua ya mkubwa wake kwa sauti. "New Orleans Blues" ya mpiga piano Jelly Roll Morton ilinishtua kwa sababu nyingine, kwa kuwa mdundo wake umechanganywa na habanera, mdundo wa dansi wa Kuba, na mimi ninatoka mji wa Salum Abdallah na Cuban Marimba Band. Nilimweleza mzee jambo hilo, na jioni ile hatukulala mapema. "Bobby Shaftoe" ni wimbo wa kienyeji wa kaskazini ya Uingereza uliovikwa mavazi ya New Orleans, nao umewakaa vizuri. "Stevedore Stomp" ya Duke Ellington ndiyo dhaifu kwa maoni yangu, kwani ulitungwa kwa bendi kubwa, na watu sita hawautoshelezi.

Kisha kuna "Rock Island Line". Hapa vyombo vya kupuliza vinanyamaza. Donegan anashika gitaa na kuimba, Barber anahamia kwenye besi, na Beryl Bryden anaukwaruza ubao wa kufulia nguo kwa vidole vilivyovikwa kastabini. Wimbo huo Lead Belly, mwimbaji wa Kimarekani, aliuchukua kwa wafungwa wa Arkansas katika miaka ya 1930. Decca walipoutoa peke yake mwishoni mwa mwaka 1955 ulipanda chati za Uingereza na za Marekani pia, na vijana kila mahali wakatafuta magitaa ya bei nafuu, akiwemo John Lennon wa Beatles, ambaye bendi yake ya kwanza ilipiga mtindo huo wa gitaa na ubao wa kufulia, uitwao skiffle. Mzee aliniambia kwamba mwaka 1956 ubao wa mama yake ulitoweka jikoni, na aliyeuchukua alikuwa mdogo wake.

Mwanamuziki ambaye mzee alimpenda kupita wote, hata hivyo, hayumo kwenye santuri hii. Alikuwa Acker Bilk, mzaliwa wa kijiji cha Pensford kusini ya Bristol, ambaye naye aliwahi kufanya kazi katika kiwanda cha sigara mjini hapa, na aliyejifunza klarineti akiwa askari Misri. Klarineti yake ya "Stranger on the Shore" ilishika nafasi ya kwanza Marekani mwaka 1962. Mzee alipoimaliza kuisikiliza aliondoka sebuleni kwenda kuchemsha chai, na mimi nilijifunza kutomsemesha mpaka birika lipige mluzi.

Kuhusu nakala yenyewe: muuzaji aliniambia kwamba jalada ni zima, lakini nilipofika nyumbani nilikuta limeachia gundi upande mmoja na limeandikwa kwa kalamu ya wino nyuma. Sauti ni ya mono, yenye mchakacho mdogo mwanzoni mwa kila upande, na besi haisikiki vizuri kwenye spika ndogo. Iosheni kabla ya kuichezesha, na msitumie sindano kuukuu. Naipa nyota nne kati ya tano, na ile moja naipunguza kwa ajili ya jalada tu.

Nakala ya mzee ilikuwa na mkwaruzo katikati ya "Chimes Blues", na kila tulipofika pale aliinyanyua sindano kwa kidole, akaishusha mbele kidogo, tukaendelea. Yangu haina mkwaruzo huo. Kwa mara ya kwanza, baada ya zaidi ya miaka 40, nimeusikia wimbo mzima.