TAHADHARI: Kaseti feki za Donkey Kong Land zinauzwa kama orijino. Jaribu kusevu siku hiyo hiyo ya kupokea

Kama unatafuta Donkey Kong Land ya Game Boy (mashine ya zamani ya Nintendo ya kuchezea gemu mkononi), ile ya 1995 yenye sokwe Donkey na mwenzake Diddy, soma hapa kabla hujatuma hela.

Tangazo lenyewe huwa hivi: kaseti ya njano inayong'aa, maneno "orijino, imejaribiwa, inawaka safi", picha mbili tatu, na kavideo kafupi kanakoonyesha neno Nintendo likishuka kwenye skrini. Mnunuzi anaipokea, anachomeka, gemu inacheza vizuri kabisa, anampa muuzaji nyota zote. Siku zinapita, ndipo anagundua kwamba kaseti haisevu. Akirudi kwa muuzaji anaambiwa muda wa kurudisha mzigo umekwisha, au eti "gemu hiyo ndivyo ilivyo, inasevu kwa kubagua."

Na hapo ndipo penye ujanja wote, kwa sababu jibu hilo lina nusu ya ukweli. Donkey Kong Land ya kwanza haisevu kila ukimaliza hatua. Inabidi ukusanye herufi nne, K, O, N na G, ndani ya hatua moja, kisha uimalize hatua hiyo, ndipo inakupa nafasi ya kuhifadhi. Ukikosa herufi moja, hupewi. Sasa mtu anayecheza kwa kujifurahisha siku ya kwanza hazitafuti herufi, anakimbia mbele tu. Anazima, anawasha, anaanza upya, anajilaumu mwenyewe. Tapeli anaijua tabia hiyo. Feki ya gemu inayosevu kila hatua ingeumbuka jioni ile ile, ila hii inampa nafasi ya kutosha kutoweka.

Kwa hiyo jaribio la kwanza ni hili, na lifanyike siku unayopokea. Anza gemu mpya, ingia hatua ya kwanza, Jungle Jaunt, okota herufi zote nne, maliza hatua, sevu. Zima. Chomoa kaseti kabisa kwenye mashine na uiache nje usiku kucha. Usiridhike na kuzima na kuwasha papo hapo: chipu ya kumbukumbu isiyo na betri inaweza kushikilia data kwa muda mfupi baada ya umeme kukatika, na huo muda mfupi ndio muuzaji anaokuonyesha kwenye video. Asubuhi chomeka tena. Sevu ikiwepo, umevuka mtihani mmoja, si yote. Isipokuwepo, usikimbilie kusema feki. Kaseti halisi ya 1995 ina betri ya sarafu ya volti 3 ndani yake, na betri ya miaka thelathini kufa si ajabu. Kaseti orijino yenye betri iliyokufa ni kitu cha kutengeneza. Kinachotenganisha hiyo na feki ni bodi iliyomo ndani, kile kibao chenye chipu.

Kabla ya bodi, tumalizane na ile video. Neno Nintendo likishuka na mlio wa "ting" halithibitishi chochote. Mashine ya Game Boy inapowaka husoma picha ya neno hilo kutoka ndani ya kaseti yenyewe, baiti 48, na kuilinganisha na ile iliyonayo. Zikifanana, gemu inaanza. Zisipofanana, mashine inagoma. Maana yake kila nakala ya wizi ni lazima iwe na neno hilo, la sivyo isingewaka kabisa. Linachoonyesha ni kwamba meno ya kaseti, vile vibati vya rangi ya dhahabu chini, yanagusa vizuri siku hiyo. Basi. Ukiona muuzaji anakazania video hiyo ukimwomba picha ya ndani, tia shaka.

Picha za mchezo kwenye tangazo nazo zinasema mengi. Donkey Kong Land inakupa mashujaa wawili, lakini kwenye skrini anaonekana mmoja tu kwa wakati. Mwenzake hayupo nyuma yake, unabadilisha kwa kitufe. Skrini ndogo ya Game Boy na uwezo wake haukuruhusu wawili wakimbizane kama kwenye Super Nintendo, mashine ya kuchezea kwenye televisheni. Kwa hiyo tangazo lenye picha ya Donkey na Diddy wakikimbia pamoja, kwa rangi kamili, limebeba picha ya gemu nyingine: ama Donkey Kong Country ya Super Nintendo, ama ile ya 2003 ya Game Boy Advance, mashine ya mkononi iliyokuja baadaye. Muuzaji huyo hajawahi hata kuiwasha kaseti anayoiuza, au anategemea wewe hujui.

Majina pia yachunguze. Mfululizo wa Land una gemu tatu tu: ya kwanza 1995 (Donkey na Diddy), ya pili 1996 (Diddy na Dixie), ya tatu 1997 (Dixie na Kiddy). Ukiona "Land 4", hiyo ni lebo ya kubuni juu ya gemu ya wizi. Ukiona "Land ya kwanza toleo la rangi", jua ni kazi ya mashabiki walioibadilisha programu. Inaweza kuwa kazi nzuri sana, lakini orijino haiwezi kuwa. Ya rangi iliyotolewa rasmi ni moja, ile ya tatu, iliyotoka Japani mwaka 2000 kwa Game Boy Color, na huko Kiddy anaitwa Dinky. Na "Donkey Kong Land ya Game Boy Advance" haikuwahi kutengenezwa. Advance inacheza kaseti za zamani, ndiyo, lakini kaseti yenyewe ni ile kubwa ya Game Boy. Anayekuuzia ndogo ya Advance yenye jina hilo anakuuzia nakala.

Sasa ganda la nje. Watu wengi hukagua hapa tu, na ndipo wanapodanganyika zaidi, kwa sababu magamba ya njano yanatengenezwa mapya na kuuzwa matupu. Yapo pia magamba halisi yaliyotolewa bodi yake ikauzwa kando, halafu yakatiwa bodi feki. Hata hivyo mambo machache yanafaa kuangaliwa. Nyuma kuna skrubu moja, na katika kaseti halisi kichwa chake hakiingii bisibisi ya kawaida ya msalaba wala ya bapa. Kinataka bisibisi maalumu iitwayo gamebit, ya milimita 3.8. Ukiona msalaba, kuna mtu ameshaifungua au haikuwahi kuwa halisi. Geuza lebo kwenye mwanga, uitazame kwa pembeni: nakala nyingi halisi zina namba ndogo iliyogandamizwa juu ya karatasi bila wino, kama alama ya kucha, haionekani ukitazama moja kwa moja. Namba ya gemu kwenye lebo huanzia DMG. Ikianzia CGB hiyo ni ya Game Boy Color, AGB ni ya Advance. Muuzaji aliyebandika AGB kwenye kaseti ya njano ya 1995 hakufanya hata kazi yake ya utapeli vizuri.

Kuna pia ile kona. Kaseti ya Game Boy ya zamani ina pengo lililokatwa kwenye kona ya juu kulia. Katika mashine ya kwanza, ile nene ya kijivu, swichi ya kuwashia inasukuma kijino cha plastiki kiingie kwenye nafasi hiyo, kaseti isichomoke ikiwa imewaka. Ganda feki lililochongwa vibaya linafanya swichi ikwame nusu njia. Usilazimishe, utavunja swichi.

Tufungue ndani. Toa skrubu, sukuma nusu mbili za ganda zipishane kidogo kwanza, zitaachana zenyewe. Ukiivuta kwa kucha unavunja ndoano za plastiki. Bodi halisi ya gemu inayosevu kwa betri ina jina la Nintendo na namba ya bodi vimechapwa juu yake, chipu kadhaa nyeusi zenye maandishi yanayosomeka (ya programu, ya kupangia kumbukumbu, na ya kuhifadhia sevu), na betri iliyoshikwa na vibati viwili vilivyochomewa moja kwa moja kwenye betri. Lehemu iko safi, bila mabaki ya kunata.

Feki zina sura tatu za kawaida. Ya kwanza ni ya tone jeusi: badala ya chipu kuna donge la gundi nyeusi linalong'aa. Ukiona tone kwenye gemu hii, huna haja ya kuendelea. Ya pili ina chipu moja kubwa ya kisasa, nafasi ya betri ikiwa tupu au betri imebandikwa kwa utepe. Hiyo ya utepe ndiyo inayosevu leo na kupoteza kesho, kwa sababu ukiitikisa kaseti kidogo betri inaachia. Ya tatu ni ya kijanja: haina betri kabisa na bado inasevu, kwa kuwa inatumia aina ya chipu inayotunza data bila umeme. Kiutendaji inaweza kuipita orijino, na ikiuzwa wazi kama nakala hakuna aliyedanganywa. Ila Donkey Kong Land halisi haisevu bila betri, kwa hiyo kutokuwepo kwake ni ushahidi unaotosha.

Kuna madhara mengine ambayo wengi hawayasemi. Game Boy inatoa volti 5 kwenye kaseti. Chipu nyingi za kisasa ni za volti 3.3, na zinahitaji kipunguza umeme na chipu za kutafsiri mawimbi katikati. Feki za bei ya kutupa huruka hatua hiyo na kuunganisha moja kwa moja. Matokeo ni kaseti inayokula betri za mashine, gemu inayoganda katikati, na baada ya muda inaisumbua mashine yenyewe. Donkey Kong Land inatumia mandhari mazito yaliyochorwa kwanza kwenye kompyuta kubwa kisha yakabanwa, na hata ikiwa nzima ni vigumu kumtofautisha sokwe na majani nyuma yake. Ukiona vipande vya picha vikiruka au herufi zikigeuka alama za ajabu, safisha kwanza meno kwa kijiti cha pamba na spiriti ya asilimia 90 au zaidi, uache ikauke. Usipulize kwa mdomo, mate yanaleta kutu. Kama bado zinaruka baada ya kusafisha, tatizo ni chipu.

Kabla ya kulipa, omba vitu hivi kwa pamoja: picha ya mbele na nyuma ikiwa na kipande cha karatasi chenye tarehe ya leo, picha ya meno iliyopigwa kutoka chini kukiwa na mwanga, picha ya bodi ikiwa wazi, na video moja isiyokatwa inayoanza na kaseti mkononi, inaingia, inafungua sevu iliyopo. "Sina bisibisi" ni jibu linaloweza kuwa la kweli, na hapo unapunguza bei kwa kuhesabu kwamba huenda ni feki, au unaachana nayo. "Nikifungua itapoteza uhalisi wake" ni jibu la kukataa tu. Kufungua skrubu hakuharibu kitu. Na usilipe kwa njia ya kumtumia rafiki au ndugu ambayo haina ulinzi wa mnunuzi, hata akikupunguzia.

Utapeli wa pili unaohusu gemu hii hii hauna kaseti kabisa: "kodi ya kupakua Donkey Kong Land kwenye 3DS", yaani namba za siri za kuingiza kwenye duka la mtandaoni la mashine ya Nintendo 3DS ili upakue gemu. Gemu ilikuwepo kweli kwenye duka la 3DS, lakini ununuzi huko ulifungwa tarehe 27 Machi 2023, na kodi za kupakua zikaacha kupokelewa tarehe 3 Aprili mwaka huo. Hakuna kodi inayofanya kazi leo. Anayekuuzia akaunti "yenye gemu tayari" anabaki na barua pepe ya akaunti na ataichukua akitaka. Kama unachotaka ni kuicheza tu na si kukusanya, iliingizwa kwenye orodha ya Game Boy ya Nintendo Switch Online mwishoni mwa 2024. Hiyo ni huduma ya kulipia kwa kipindi, haiuzwi kwa kodi ya gemu moja moja, kwa hiyo hata huko anayekuuzia "kodi ya Donkey Kong Land ya Switch" anakuuzia hewa.

Kama umeshanunua na umegundua ni feki: piga picha ya bodi kabla ya kugusa chochote, fungua malalamiko kwenye jukwaa ulilolipia ukiandika "bidhaa si kama ilivyotangazwa" na si "haifanyi kazi", kwa kuwa hilo la pili linamruhusu muuzaji akuambie uitengeneze. Weka picha ya bodi na picha ya tangazo sambamba. Usikubali kurudishiwa nusu ya hela ili ubaki nayo na kufuta maoni yako. Ukiwa na orijino yenye betri iliyokufa, pima kwa mita: karibu volti 3 iko sawa, chini ya 2.5 ibadilishe, na nunua betri yenye vibati tayari, usichome lehemu juu ya betri yenyewe. Kumbuka sevu ya zamani itafutika ukiitoa.

Na ikiwa feki imekubakia mkononi, muuzaji ametoweka, chukua kalamu ya wino usiofutika uandike NAKALA ndani ya ganda na nyuma karibu na skrubu, kabla haijamfikia mtu mwingine.