Hatari "mara mbili" au mgonjwa 1 zaidi kati ya 7,000?

Oktoba 1995, kamati ya usalama wa dawa ya Uingereza ilitahadharisha kwamba vidonge vipya vya uzazi wa mpango vinaongeza maradufu hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Wanawake wengi waliacha kumeza. Inakadiriwa mwaka uliofuata utoaji mimba England na Wales uliongezeka kwa takriban 13,000.

Sasa tazama hesabu. Vidonge vya zamani: mgonjwa 1 kati ya 7,000. Vipya: 2. Ukigawanya 2 kwa 1 unapata uwiano wa 2, yaani ongezeko la asilimia 100. Ukitoa, unapata tofauti halisi: 1 kati ya 7,000, kama asilimia 0.014 hivi. Data ni ileile.

Uwiano unamfaa mtafiti anayesaka chanzo cha ugonjwa. Anayeamua ameze au aache anahitaji tofauti halisi, maana uwiano haumwambii hatari ya awali ilikuwa kubwa kiasi gani (na magazeti hulipenda neno "maradufu").

Kosa la kawaida la wanafunzi ni kuandika "asilimia 100 wataugua". Andika hivi: "Kati ya wanawake 7,000 wanaotumia vidonge vipya, tutarajie mgonjwa 1 zaidi."