Uzoefu wangu: Safari ya Cobh, Ayalandi, nikiwa na mama mwenye magoti yanayouma

Kama unapanga kwenda Cobh, mji mdogo wa bandari kusini mwa Ayalandi, ushauri wangu wa kwanza ni huu: lala huko. Wengi huenda mbio mbio kutoka Dublin na kurudi siku hiyo hiyo. Treni ya kutoka Dublin Heuston hadi Cork Kent huchukua kama saa mbili na nusu, kisha unapanda nyingine ya dakika 25 hivi mpaka Cobh (hutamkwa "Kov"). Kwenda na kurudi ni karibu saa sita umekaa kitini, na muda unaobaki ni wa kupiga picha ya kanisa na kuwahi stesheni. Mimi nilikwenda na mama yangu, mtu wa Tanga aliyekuja kunitembelea Uholanzi. Umri umesogea na magoti yanamsumbua, kwa hiyo kila kitu nilikipanga kwa mwendo wake, na nashukuru, maana mji huu unataka mwendo huo huo.

Kabla ya tiketi, viza. Hapa ndipo ndugu zetu wengi walioko Ulaya wanapokwama. Ayalandi imo kwenye Umoja wa Ulaya lakini haimo kwenye Schengen, lile eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Viza ya Schengen aliyokuja nayo mama haiwezi kumwingiza Ayalandi, na kwa mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya, hata kibali cha kuishi Uingereza au nchi ya Schengen kwa kawaida hakimwondolei haja ya viza. Maombi yanajazwa mtandaoni, unachapisha muhtasari, unatia sahihi na kuuwasilisha pamoja na vielelezo: taarifa za benki, barua ya mwenyeji, bima, mahali pa kulala. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi mitatu kabla ya safari, basi omba mwanzoni kabisa mwa muda huo. Ada ya kuingia mara moja ilikuwa euro 60. Jambo jingine ambalo watu hulisahau: hakikisha viza ya Schengen ni ya kuingia zaidi ya mara moja. Ukishapanda ndege Amsterdam kwenda Ayalandi umetoka Schengen, na mzee asije akakwama akiwa njiani kurudi kwako.

Tiketi ya treni ya Dublin hadi Cork inunue mtandaoni mapema, bei huwa nafuu na unapata kiti chako. Jina la abiria linaonyeshwa kwenye kibao cha taa juu ya kiti. Mama alipoliona lake alisimama akalisoma mara mbili, akakaa kwa raha zake kama aliyeandaliwa mahali. Treni ndogo ya Cork kwenda Cobh haina mambo ya kuhifadhi kiti; unakata tiketi kwenye mashine na kuingia. Kaa upande wa kulia. Baada ya stesheni ya Glounthaune reli inageukia kusini, inapita Fota na kuvuka maji hadi kisiwa ambacho mji umejengwa juu yake, na kuanzia Carrigaloe maji yako dirishani kabisa, na feri ya magari ikikatiza kwenda ng'ambo.

Sasa mwinuko, ambao watu wanaotangaza vyumba hawausemi. Cobh imejengwa kwenye ubavu wa kilima kilichosimama. Stesheni iko chini ufukweni, Kanisa Kuu la Mtakatifu Colman liko juu, na kati yao ni barabara zinazopanda kama ngazi. Nyumba ya wageni tuliyofikia iliandikwa kuwa ni dakika tano kwa miguu kutoka stesheni. Labda kwa kijana asiye na mzigo. Na ndani chumba kilikuwa ghorofa ya pili, ngazi nyembamba, hakuna lifti. Mwenyeji alikuwa muungwana na alitubadilishia chumba siku ya pili, ila tangazo lilipaswa kusema. Kwa hiyo ukiwa na mzee au mtoto wa kusukumwa, andika uulize maswali mawili kabla ya kulipa: barabara ina mwinuko kiasi gani, na chumba kiko ghorofa ya ngapi?

Dawa yetu ilikuwa rahisi: asubuhi tulichukua teksi hadi kanisani juu kabisa, halafu tukashuka taratibu. Kanisa lilianza kujengwa 1868 likakamilika 1919, na mnara wake una kengele 49 zinazopigwa kama kinanda. Jumapili za kiangazi alasiri huwa kuna mpigaji, na sauti inashuka mpaka gatini. Ukishuka kidogo upande wa West View utaona zile nyumba za rangi zilizopangana kufuata mteremko, kila moja imeipita jirani yake kwa kimo cha paa. Watu wanaishi humo, tusichungulie madirishani.

Chini, kwenye jengo la stesheni, kuna kituo cha historia ya waliohama, na hapa ndipo pesa yangu ilipopata thamani kuliko pengine popote. Kati ya 1848 na 1950 watu kama milioni mbili na nusu waliondokea bandari hii. Nje kuna sanamu ya Annie Moore na wadogo zake wawili wa kiume. Ndiye mhamiaji wa kwanza kuandikishwa Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji cha New York, tarehe 1 Januari 1892. Usiku wa kabla ya safari familia nyingi ziliketi pamoja mpaka alfajiri, kama matanga, ilhali anayeliliwa yupo hai mbele yao. Mama alikaa kwenye benchi muda mrefu, akaniambia, "Mwanangu, hawa waliaga wakijua hawaonani tena. Sisi tuna simu." Usipange kitu kingine mara baada ya hapa.

Jumba la Titanic liko kwenye ofisi ya zamani ya tiketi ya White Star Line, kampuni ya meli hiyo. Meli ilitia nanga nje ya bandari tarehe 11 Aprili 1912, wakati mji ukiitwa Queenstown, na abiria 123 wakapelekwa kwa vyombo vidogo. Unapewa kadi yenye jina la abiria mmoja, na mwishoni unajua kama alinusurika. Maonyesho ni mafupi, yamepangwa vizuri, lakini kama bajeti inatosha sehemu moja tu, chagua kituo cha wahamiaji. Kisiwa cha Spike, chenye ngome iliyokuwa gereza, kinafikiwa kwa boti kutoka Kennedy Pier na kinakula nusu siku nzima ya kutembea. Mama alipumzika, nami nikaenda peke yangu.

Angalia ratiba ya meli za kitalii ambayo mamlaka ya bandari huitoa. Zinafunga gati hapo hapo karibu na stesheni, na siku ya meli kubwa mikahawa inajaa tangu saa nne asubuhi.

Chakula: supu nzito ya samaki na mkate wa kahawia ni tamu na inashibisha, ila baadhi ya wapishi hutia nyama ya nguruwe, kwa hiyo uliza. Kifungua kinywa cha kule kimejaa nguruwe, mwambie mwenyeji mapema akuandalie mayai na samaki. Mwezi wa Juni jua linazama karibu na saa nne usiku. Kwa anayeswali, Magharibi inachelewa sana, na jiko la mgahawa laweza kufungwa kabla ya jua halijazama, kuleni mapema. Beba koti la mvua hata kiangazi. Plagi ni za pini tatu kama za Tanzania na Kenya, na magari yanapita kushoto kama nyumbani, jambo lililomfanya mama avuke barabara bila wasiwasi kuliko Uholanzi.

Kurudi, kama unaruka kutoka Cork, shuka stesheni ya Kent na upande basi namba 226 la uwanja wa ndege. Ukiwa na watoto tenga saa kadhaa ushuke Fota njiani, mbuga ya wanyama iko kwenye stesheni yenyewe.